Kilichofichwa Chini ya Mpini

Nakiete mwanangu,

Umekwenda Mansfield kuwaaga akina mama wa kwaya, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka uondoke na vyombo vinne vya chakula. Mimi nimekaa hapa gereji, mlango nimeuinua nusu, naandika kwa kalamu yako uliyoisahau juu ya friji. Kesho asubuhi unaishika barabara ya Houston. Habari za tairi, oili na kufunga milango sitaandika, umezisikia wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijauliza. Mwandiko utauvumilia. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba nilimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona.

Nataka kukuandikia habari ya kisasi. Usikunje uso. Kanisani wananiambia nisamehe, na nimewaahidi nitasamehe, ila sikuwaambia lini.

Wiki mbili zilizopita ulikaa mezani, ukaisogeza sahani pembeni, ukaniambia kazi yako ya kwanza kule makumbusho ya Houston ni kuandika kadi. Kila kitu kinachoingia kwenye kabati la kioo kinahitaji kadi yake: hiki ni nini, kimetoka wapi, nani alikitengeneza. Ukasema maonyesho yatakuwa ya vitu vya mikono vya kila siku, vya Kijapani vikiwekwa pamoja na vya kwetu Afrika, bakuli kwa bakuli, kisu kwa kisu. Halafu ukashusha sauti kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Mjomba, kisu cha kutoka Tanzania kimeletwa na Godlisten. Kadi naiandika mimi. Niandike alikitengeneza nani?"

Nilipiga meza, chumvi ikaruka. Nikasema nitakujibu. Ndilo jibu hili, na ni refu kwa sababu ndani yake kuna mambo yangu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Turudi kwanza kwenye ile Jumamosi ya makumbusho ya Kijapani kule Fort Worth. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu wako kawatuma mkatafute kitu kimoja cha mikono mkiandikie kurasa tano. Ulitaka kwenda peke yako. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania, maana kwenye tangazo niliona siku hiyo atakuwepo mhunzi wa Kiafrika kuzungumza mbele ya visu vya Kijapani, na tangu Jumatano nilikuwa nimeshawatangazia watu wa hapa DeSoto kwamba wale watu wa makumbusho walinitaka mimi kwanza, nikawakatalia kwa ajili ya mgongo. Jina la huyo mhunzi sikulisoma. Nilivaa suti ya kijivu. Wewe uliviangalia viatu vyangu tu.

Nilitegemea mapanga ya vita na dhahabu. Tukakuta ndoo. Ndoo ya mbao, Nakiete, imemulikwa taa kama bibi harusi! Pembeni yake upawa wa kuchotea wali. Birika la chuma jeusi tii. Koti la mvua lililosukwa kwa majani makavu. Na lile shati la mkulima, la buluu iliyokolea, kiraka juu ya kiraka, mpaka shati lenyewe lilishajiondokea zamani vikabaki viraka vimeshikana mikono.

"Kwetu hili lingekuwa tambara la kushikia sufuria," nikasema.

"Mjomba, plizi. Sauti."

"Na hilo birika ningelitengeneza kabla ya chai ya saa nne."

"Mjomba!"

Ndipo akatusogelea yule mama mfupi mwenye nywele nyeupe, Mjapani mzaliwa wa hukuhuku Texas, akatutembeza. Pale Kiingereza chake kiliponizidi ukanitafsiria. Alisema vile vitu vilitengenezwa na watu wa kawaida kwa ajili ya nyumba za kawaida, na uzuri wake uko hapohapo. Karibu vyote havina jina. Ukanisomea kadi moja baada ya nyingine: fundi hajulikani, fundi hajulikani, fundi hajulikani.

Nikamuuliza yule mama, "Hajulikani na nani? Mke wake hakumjua?"

Akacheka mpaka akajishika kwenye kabati. Lakini mimi sikuwa natania, mwanangu. Kuna mtu alikaa juani akashona hivyo viraka. Ana mama yake, ana jirani aliyekuwa akimwita kwa jina. Halafu anakuja mtu na kabati la kioo anasema hajulikani, na watu wanaona ni jambo la kupendeza.

Akatupeleka kwenye visu. Kimoja kilikuwa kimevuliwa mpini, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mti ukawa wazi, na juu yake kulikuwa na maandishi yaliyochongwa. Akatuambia wahunzi wa kwao huliandika jina lao hapo, kisha mpini unalifunika.

"Kwa nini alifiche?" nikauliza.

"Halijafichwa," akasema. "Anayetumia kisu anakijua kisu. Jina linasubiri siku mpini utakapotoka."

Niliinamia kile kioo nikasahau kunyooka. Uliniuliza kama naumwa, ukanitafutia kiti. Sikuumwa. Nilikumbuka kitu ambacho mama yako aliniambia zamani nami nikakicheka. Nitafika huko, nivumilie, sijawahi kusimulia jambo kwa mstari ulionyooka.

Tukaingia ukumbini. Watu kama sitini, viti vizuri. Na nani anasimama mbele, kavaa aproni ya ngozi mpya isiyo na hata alama ya cheche? Godlisten.

Wewe ulimjua kwa jina tu, kwa vile nilivyolitema mezani miaka yote. Nilifanya naye kazi kule Haltom City, karakana ya mzee mmoja Mzungu aliyetengeneza mageti na fensi. Gudi, ndivyo tulivyomwita, alikuja kijana mwembamba, hajui kushika hata koleo. Baba yake mwalimu wa hesabu, babu yake muuza vitambaa, aliniambia mwenyewe. Mchana tulikaa nyuma ya pikapu tukila, na mimi ninamlisha hadithi za baba yangu, babu yako Mzee Kiure, mhunzi wa milimani Upare. Kila siku hadithi mpya. Nilimwambia Mzee alikuwa mrefu kiasi cha kuinama milango yote ya wilaya. Nilimwambia alipotumbukiza chuma cha moto mtoni, watu wa chini waliteka maji ya uvuguvugu siku mbili. Nilimwambia kuhusu chui: jinsi alivyovamia karakana, akamng'oa Mzee sikio la kushoto, na Mzee akamchoma na kisu ambacho bado kilikuwa chekundu, akakizimishia ndani ya yule mnyama, na ndiyo maana makali yake hayafi.

Na nikamwonyesha kisu chenyewe. Kile chenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Gudi alikigeuza mikononi kama mtu anayeshika kifaranga. "Kaka Elia, nipe nikiige umbo lake, wiki mbili tu." Nikamwambia, "Chukua! Nyumbani tunavyo sanduku zima." Sanduku gani, Nakiete? Hicho kilikuwa kisu kizuri pekee kilichobaki cha baba yangu duniani. Nilikitoa kwa sababu nisingeweza kuonekana mtu mwenye kimoja. Mwezi uliofuata Gudi akahamia Houston na simu yake ikawa haipokelewi.

Basi siku ile ukumbini akakiinua kisu changu juu, watu wakaona pembe inavyong'aa. Nikauona na ule ufa mdogo wa pembe iliyoungua karibu na makali, nikajua ndicho. Na akaanza, kwa Kiingereza cha kujipaka mafuta: babu yangu, mhunzi wa milimani. Babu yangu, mrefu kuliko milango. Mto ukachemka. Kisha, Mungu wangu, akaja chui.

Ukaniinamia sikioni: "Mjomba, si huyu ni Babu?"

Chui yule nilimzaa mimi! Nilimzaa nyuma ya pikapu Haltom City, mdomo umejaa mkate na kuku. Na sasa anapigiwa makofi na watu sitini, kafungwa kamba na mwanaume mwingine.

Nilisimama. Unakumbuka nilivyosimama, kiti kikaanguka. Nilitaka kusema huyo ni baba yangu, rudisha. Na pale pale nikaona mtego ulivyofunga. Ningethibitisha kwa nini? Kila alichokisema nilikisema mimi, na kila alichokisema kilikuwa uongo. Kumdai baba yangu mbele ya watu kungekuwa kumdai na chui. Angeniuliza jambo moja tu la kweli kuhusu Mzee, na mimi miaka ishirini nilikuwa sijasema jambo moja la kweli kuhusu Mzee. Basi mdomo wangu, huu uliowahi kumzuia polisi wa barabara kuu asiandike faini mpaka akasahau alichonisimamishia, ukatoa swali la kijinga.

"Huyo mzee, sikio lililoliwa ni lipi?"

Gudi akaniona. Akatabasamu meno yote, akanijibu kwa Kiswahili, "La kushoto, kaka Elia! Umenenepa, bwana!" Kisha akawageukia watu kwa Kiingereza, wewe ukasita kunitafsiria lakini nilielewa kila neno: huyu ni mzee wangu wa Dallas, alikuwa akifagia karakana yetu, anapenda sana hadithi. Watu wakanipigia makofi. Mimi! Makofi laini, ya kumpigia mtoto aliyejitahidi.

Nikakaa.

Tulikuwa kwenye gari, tunakaribia nyumbani. Ukauliza taratibu, "Mjomba, kwani kweli kulikuwa na chui?"

Nikasema, "Kulikuwepo."

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko kisu. Ulinipa mlango wa kutokea nikaufunga na kutia kufuli. Miaka mitatu sasa tangu siku hiyo, na miaka hiyo mitatu nimelala na Gudi na kuamka naye. Nilipanga niende Houston na mashine yangu, nilichomelee geti lake lote akiwa ndani, nimpitishie chakula kwa fimbo. Unacheka, lakini mara moja nilipakia mitungi ya gesi kweli, nikafika nusu ya njia, nikanunua kuku, nikarudi. Nilipanga kumtangaza kwenye msiba fulani ambako Watanzania wote wangekuwepo. Nikafika, nikakuta yeye ndiye kaleta viti. Nilimwombea ugonjwa usioua, wa mkono tu. Na kibaya zaidi, mkono wake ni mzuri, mbwa yule. Nimeona visu vyake kwenye simu. Kufua chuma amejifunza kwa jasho lake. Angeweza kusimama kwa jina lake mwenyewe asipungukiwe kitu. Hilo ndilo linaloniwasha usiku na mchana: aliiba asichokihitaji.

Sasa naingia kwenye lile ninaloliogopa. Kama umesimama, kaa.

Baba yangu hakuwa mrefu. Alimfika begani bibi yako, na bibi yako alikuwa mfupi. Masikio yake yote mawili alizikwa nayo. Hakufua mkuki wa mtu yeyote mkubwa. Alifua majembe, na visu vya kumenyea ndizi, na bawaba za milango ya shule. Alikufa kwa kikohozi.

Na mimi sikuvuta mivukuto. Umekua ukisikia jinsi nilivyosimama kando ya tanuru, mtoto mdogo, napuliza moto kwa ile mifuko ya ngozi mpaka mikono inavimba. Haikuwa hivyo. Moshi ulinichoma macho, kelele zilinichosha, nikawa nakimbilia mpirani. Baba hakuwa na mwana mwingine wa kiume, na mivukuto inataka mtu wa pili. Kwetu mwanamke hakusogea kwenye tanuru la mhunzi. Wazee walisema chuma kitapasuka, na mtu angeonekana kavunja mwiko, kazi yake isingenunuliwa tena hata kwa ndizi. Lakini ilipofika miezi ya mvua, ambapo njia ni tope na hakuna anayepita, baba alimwita Namsifu.

Ndiyo. Mama yako. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Alivuta mivukuto misimu mitatu ya mvua. Baadaye baba akamwachia na nyundo ndogo. Watu walipokuja na kuuliza, "Leo nani alikuvutia?" baba alijibu, "Eliamani." Kwa hiyo uongo wangu wa kwanza nilipewa mkononi na baba mwenyewe, kwa ajili ya kumlinda dada yangu. Ningeuacha hapo ungekuwa uongo wa heshima. Mimi nikaupenda. Nikaulisha ukanenepa. Baba alipokufa hapakuwa na wa kulindwa tena, na bado nikaendelea. Hata mama yako alipokuwa hai, amekaa palepale anachambua maharage, mimi nawasimulia wageni jinsi nilivyovuta mivukuto. Hakuwahi kunikatiza. Alikuwa anainua macho mara moja, anaendelea na maharage.

Gudi aliniibia baba. Mimi nilimfukuza mama yako tanuruni kwake, nikasimama mahali pake. Nilipokuchukua ukiwa na miaka tisa, umetoka kumzika, ulikuwa ukiniuliza kila Jumapili, "Mjomba, nisimulie kuhusu mama." Nikawa nakusimulia jinsi alivyopika vizuri.

Nisamehe au usinisamehe, hilo nakuachia ulibebe Houston. Nisikilize tu kuhusu kisu.

Nilipokuwa naondoka kuja huku, Namsifu alinifungia kile cha mpini wa pembe ndani ya shati langu. Akasema, "Hiki ndicho cha mwisho tulichofua mimi na baba. Kwenye mkia, ndani ya mpini, kuna nukta tatu. Kwenye kila kisu tulichofua wawili zipo. Baba anagonga mbili kwa ncha ya chuma, ananipa nyundo ndogo nagonga ya tatu. Kubwa, kubwa, ndogo. Halafu anavalisha mpini, hakuna anayejua." Akanitazama kama anayenikabidhi mtu. Nami nikamjibu, "Dada, hiyo haina utamu, nitaisimuliaje?"

Sikuisimulia. Si kwa Gudi, si kwa kanisa, si kwako. Hadithi zangu zote zenye utamu Gudi alizibeba. Hii niliidharau, ikabaki.

Sasa unaelewa kwa nini ulinitafutia kiti siku ile mbele ya kisu cha Kijapani kilichovuliwa mpini. Na unaelewa kwa nini ulipomalizia habari yako pale mezani nilikurudisha mara tatu. Ulisema visu vyote vya kwenye kabati vitaonyeshwa wazi mikia, vya Kijapani na cha kwetu. Nikakuuliza, "Na Gudi amekubali mpini utolewe?" Ukasema amekubali kwa furaha, ametia saini, hata ameomba apigwe picha siku ya kuutoa. Ameomba picha, Nakiete! Yeye mwenyewe!

Lakini mimi mzushi, nikajiogopa. Je, kama nukta hazipo? Kama na Namsifu alikuwa na ulimi wa kwetu? Nikakaa na hofu hiyo siku kumi na tatu. Leo ulipotoka tu, nikaenda jikoni nikachukua kile kisu chako cha viazi. Kile kibaya, chenye mpini wa mti nilioufunga utepe mweusi. Unakijua kilivyofika: kilikuja ndani ya sanduku lako, kimeviringishwa kwenye khanga ya mama yako, na tangu hapo tunamenyea nacho viazi wala hakuna aliyekitazama mara mbili. Nikakileta hapa gereji. Nikafungua utepe, nikaupasua mti taratibu kama mwanafunzi, mimi niliyechomelea geti la tani nne juu ya ngazi kwenye upepo wa kimbunga. Basi, upepo ulikuwa wa kawaida. Ngazi ilikuwa ya kweli.

Kulikuwa na kutu. Nikaisugua kwa mafuta na kitambaa.

Kubwa. Kubwa. Ndogo.

Ile ndogo imeenda upande kidogo. Alikuwa mtoto, mkono haukumtii.

Dada yangu alikuwa jikoni kwangu miaka yote hiyo, namenyea viazi, nawasimulia wageni habari zangu.

Kisu nimekifunga kwenye khanga ileile, kipo ndani ya boksi la viatu, usiku nitaliweka chini ya kiti cha mbele cha gari lako. Hicho ni chako, hakikuwa changu kamwe. Kazini kwako ukifika usifanye ujanja. Najua ningekuwa mimi ningefanya. Mwonyeshe mkubwa wako kabla mpini wa pembe haujatolewa, mwambie umekitoa wapi na kuna nini mkiani, aandike na tarehe. Kisha wautoe ule wa Gudi na picha yake aliyoiomba, meno yote nje. Waviweke viwili pamoja. Wenye macho wataona.

Kama nukta za pale amezisaga, mkia utaonyesha umesagwa, aeleze babu yake alisaga nini. Kama aliziona akaziacha, hajui ni za nani, aulizwe mbele ya watu ile ndogo ni ya nani. Nataka aulizwe. Nataka atafute jibu kwenye hadithi zangu zote, mtoni, milangoni, ndani ya tumbo la chui, asilipate. Nataka ile aproni impashe joto. Siombi tena ugonjwa wa mkono. Naomba asimame mbele ya kioo asome kadi yako mpaka mwisho, na watu nyuma yake wanasubiri zamu.

Na kwa ajili hiyo, mwanangu, kadi iwe kavu. Usitie sukari hata ya ncha ya kijiko. Mimi nilimpoteza baba kwa sukari ya hadithi. Usiandike mwizi, usiandike Haltom City. Ukitia neno moja la hasira atalishika hilo hilo na kujifuta nalo. Andika kile ambacho macho yameona na kile ambacho mimi niko tayari kuapa, na nitakuja kuapa, wakitaka karatasi nitatia saini yangu ile mbaya. Nimeijaribu nyuma ya bahasha mara nyingi mchana huu. Mara ya kwanza chui aliingia, nikamfukuza. Hii ndiyo iliyobaki:

*Kisu cha kumenyea ndizi. Chuma, pembe ya ng'ombe. Upare, Tanzania. Kimefuliwa na Kiure, mhunzi, na binti yake Namsifu, aliyevuta mivukuto kwa siri. Alama mkiani: nukta mbili za baba, na ile ndogo ni ya binti.*

Sasa hivi nimesikia mlango wa gari nje, nadhani ni wewe umerudi. Sitakupa barua hii leo, maana utanitazama na mimi nitaanza kutania. Utaikuta ndani ya boksi, juu ya khanga.

Siku ya ufunguzi mpeni Gudi kiti cha mbele kabisa. Mimi nitakuja na suti ya kijivu, nitakaa nyuma, sitafungua mdomo. Watakaoniuliza mimi ni nani pale, nitawaambia nimemleta mtoto wa fundi.

Na kufagia ile karakana, nilifagia. Miezi sita.

Jina langu usiliandike popote.

Mjomba wako,
Eliamani